Nyanya zimelala kuelekea ukutani: kwa nini ukuta wa tofali haukuzuia kusi

*"Mtaalamu, habari za kazi. Mimi ni mwalimu mstaafu, naishi Kigamboni, kama nusu kilomita kutoka baharini. Nyuma ya nyumba nina bustani ya nyanya na mchicha, mipapai mitatu na mashina sita ya migomba, mzuzu na kisukari. Kila mwaka kusi inapoanza kwangu ni kilio. Mwaka jana nilichukua sehemu ya kiinua mgongo nikajenga ukuta wa tofali, futi saba kwenda juu, upande ule upepo unakotoka. Nikasema sasa nitapumzika. Mwaka huu hali imekuwa mbaya zaidi. Nyanya zimelala, tena cha kushangaza zimelala kuelekea ukutani, kana kwamba upepo unatoka nyumbani kwangu. Migomba miwili imeng'oka na mikungu yake. Iliyobaki majani yamechanika nyuzinyuzi, na kingo za majani ya mipapai zimeungua. Mdogo wangu ananiambia niongeze kozi nne za tofali. Jirani anasema nipunguze majani ya migomba. Mwingine anasema nipande mivinje uani. Nimsikilize nani?"*

Shikamoo, Mwalimu. Pole kwa hasara, na hasa kwa mikungu miwili uliyoipoteza ikiwa bado haijakomaa. Najua mkungu mmoja wa mzuzu ni miezi mingapi ya kumwagilia na kuchungulia.

Nianze na hilo lililokushangaza, maana umelieleza vizuri kuliko watu wengi wanaoniuliza habari za upepo. Wengi huniambia tu "mimea imelala". Wewe umetazama imelalia wapi, na humo ndimo lilimo jibu la nusu ya swali lako. Nyanya zilizolala kuelekea ukutani zinasema kwamba pale zilipo, karibu na ardhi, upepo kweli unarudi nyuma. Macho yako hayakukudanganya.

Upepo ukikutana na ukuta usiopitisha kitu haupotei. Unapanda, unaruka juu ya ukingo kwa kasi kubwa kuliko uliyokuja nayo, kisha unaanguka upande wa pili. Nyuma ya ukuta hewa imepungua msukumo, kwa hiyo ule upepo ulioruka unavutwa chini, unagonga ardhi, na sehemu yake inageuka na kurudi ukutani. Panazaliwa kisulisuli kilicholala ubavu, kinachojiviringisha mfululizo kati ya ukuta na bustani. Ukiwa umewahi kusimama kando ya mto wenye mkondo mkali ukaona maji yanavyozunguka nyuma ya jiwe kubwa, na majani makavu yanavyoelea kurudi kinyume na mkondo, basi umeshaiona bustani yako.

Kwa ukuta wa futi saba, yaani mita mbili na kitu, eneo hilo la msukosuko halikomei hatua mbili tatu. Linakwenda mita kadhaa ndani ya uwanja. Karibu kabisa na ukuta hewa huwa tulivu kiasi, ila ukisogea mbele unaingia palipochafuka. Na kwa mmea laini, upepo unaopiga huku na kuachia, ukarudi kule na kuachia, unaumiza kuliko upepo mkali unaosukuma upande mmoja tu. Ukiukunja waya mara moja haukatiki, lakini ukiukunja huku na huku utakatika. Mashina ya nyanya na vikonyo vya mipapai navyo huchoka hivyo hivyo.

Kwa hiyo nisingekushauri uongeze kozi nne. Ukuta ukipanda, upepo utaruka kutoka juu zaidi na kuangukia mbali zaidi, lakini hautapoa. Kuna na jambo la usalama. Msukumo wa upepo huongezeka kwa mraba wa kasi, yaani kasi ikiwa mara mbili msukumo unakuwa mara nne. Ukuta uliojengwa kwa msingi na nguzo za futi saba, kwenye mchanga wa Kigamboni, usiupandishe bila fundi mwenye ujuzi kuja kuutazama kwanza. Na kama tayari una ufa mrefu au umeanza kuegama, mwite hata kabla ya kufikiria nyanya, na usiwaache wajukuu wacheze chini yake.

Wala sikwambii uubomoe. Unakukinga na mengine, na fedha yako imeshaingia pale. Kinachotakiwa ni kuufundisha upepo kupita ukiwa umepungua nguvu.

Kinga nzuri ya upepo ni ile inayovuja. Wazee wetu wa pwani walizungusha nyumba kwa ua wa makuti ya kumba au wa fito, na mpaka leo unaweza kusimama nyuma ya ua kama ule ukahisi upepo unapita kidogo kidogo, umepoa. Hewa inayopenya kwenye matundu inajaza ile nafasi ya nyuma, kwa hiyo ile ya juu haipati pa kuvutwa kwa nguvu na kisulisuli hakiundiki. Kipimo tunachotumia ni karibu nusu kwa nusu: nusu imezibwa, nusu iko wazi. Simama mbele ya ua au neti, tazama upande wa pili. Ukiona mwanga kama nusu ya eneo unalotazama, uko vizuri. Kinga ya namna hiyo hupunguza upepo kwa umbali wa takriban mara kumi ya urefu wake, ingawa panapofaidi zaidi ni nusu ya kwanza ya umbali huo. Ua wa mita mbili unaovuja unakupa ahueni mpaka kama mita ishirini. Wa tofali, wenye urefu uleule, unakupa utulivu wa hatua chache kisha vurugu.

Sasa kwako. Jambo la kwanza ningelolifanya, tena kwa gharama ndogo, ni kuulainisha ukingo wa juu wa ukuta. Chimbia mirunda kwa ndani, karibu na ukuta lakini isifungamane nao, kila mita mbili hivi, ishuke ardhini si chini ya nusu mita na zaidi kama mchanga ni mwepesi. Iwe mirefu kuupita ukuta kwa mita moja. Kisha funga neti ya kivuli ya asilimia 50 kuanzia usawa wa ukingo kwenda juu. Nasisitiza isifungwe kwenye ukuta, maana neti ni tanga. Upepo ukiikamata usije ukauvuta na ukuta. Upepo uliokuwa unaruka kwa kasi utakatwa makali palepale ukingoni. Njia ya pili, ya kudumu lakini ya gharama, ni kumwita fundi atoe kozi mbili au tatu za juu na kuweka tofali za matundu. Matokeo ni mazuri na inapendeza macho, lakini kama mfuko umeshapungua anza na neti.

Angalia pia miisho ya ukuta. Hukuniandikia geti liko wapi. Upepo ukizibiwa mbele hukimbilia pembeni, na pale ukuta unapokoma au penye geti la wazi unapita kwa kasi kuliko kwenye uwanja usio na ukuta kabisa. Kama ile migomba miwili iliyong'oka ilikuwa upande huo, usipande tena chochote kirefu pale. Weka kipande cha ua wa makuti mita moja au mbili ndani ya uwazi huo.

Nyanya nazo zisogeze. Kwa msimu ujao tengeneza tuta lake karibu na ukuta, kama hatua moja na nusu kutoka ukutani. Utaniambia zitakosa jua. Kwa ukuta ulio upande wa kusini-mashariki zitakosa jua la asubuhi peke yake, kwa sababu miezi ya kusi, Juni na Julai, jua letu la Dar es Salaam huegemea kaskazini na kivuli cha ukuta huangukia nje. Chomeka mti mmoja kwa kila mche siku ileile unayopandikiza, usisubiri shina lilale ndipo ulinyanyue, maana mizizi inakuwa imeshakatika. Funga kwa kitambaa cha kanga chakavu au kamba laini ya katani kwa mtindo wa nane: kitanzi kimoja kizunguke mti, kingine kizunguke shina kikiwa kimelegea kiasi cha kupitisha kidole. Wengi hufunga mche kama mzigo wa kuni. Shina linahitaji kutikisika kidogo ili liwe nene. Mche uliobanwa usisogee hata kidogo hubaki mwembamba, na siku kamba ikikatika hauna pa kujishikilia.

Nije kwenye migomba, na hapa naomba tuvute subira, maana nina wasiwasi kwamba upepo unabebeshwa kosa lisilo lake peke yake.

Mgomba, kama ulivyowafundisha wanafunzi pengine, hauna shina la mti. Kile tunachokiita shina ni maganda ya majani yaliyokumbatiana, yamejaa maji. Juu yake mgomba unabeba mkungu mzito na majani mapana, na chini umeshikwa na mizizi ambayo mingi haizami sana. Ni jahazi lenye tanga kubwa na nanga nyepesi. Ndiyo maana majani yake yameumbwa yachanike. Jani likichanika kwa kufuata mistari yake ya asili, upepo unapita katikati na mgomba unapona. Jani lililogawanyika vipande vipana bado linafanya kazi yake. Lililopukutika kuwa nyuzi kabisa, hilo ndilo limepoteza uwezo. Kwa hiyo kama majani ya migomba iliyobaki bado yana vipande vipana kati ya hizo nyuzi, yasikutie hofu sana.

Jirani aliyekwambia upunguze majani nadhani anataka kulipunguza tanga, na wazo lake lina mantiki. Tatizo ni kwamba mkungu unajazwa na majani. Mgomba unapotoa mkungu unahitaji kuwa na majani mazima kama manane, na hautoi mapya baada ya hapo. Ukiukata majani leo, umeokoa shina ukapata ndizi za ukubwa wa kidole gumba. Toa yaliyokauka na yaliyovunjika shingo tu. Ukitangaziwa upepo mkali sana, kukata mawili matatu ya chini kunakubalika kama hatua ya dharura.

Lakini umesema migomba miwili *imeng'oka*. Nenda kaitazame kama bado ipo. Mgomba uliovunjika katikati ya shina, ukaacha kisiki kimesimama, huo umeangushwa na upepo au uzito wa mkungu. Mgomba ulioanguka mzimamzima na kuinua mizizi yake juu, mara nyingi ulikuwa mgonjwa chini ya ardhi kabla kusi haijafika. Chukua mizizi michache, ipasue kwa urefu kwa kisu. Mzizi mzima ni mweupe ndani. Ukiona michirizi ya rangi nyekundu iliyokolea au nyeusi, hiyo ni kazi ya minyoo wa mizizi, viumbe wadogo wasioonekana kwa macho. Kisha kata kisiki chenyewe vipande vyembamba. Ukikuta mifereji iliyojaa unga wa kahawia, na pengine buu mweupe mnene asiye na miguu, huyo ni fukusi wa migomba. Mzuzu anaupenda sana. Hapo hata ukijenga kinga ya dhahabu, migomba itaendelea kuanguka, maana inasimama juu ya kisiki kilicho tupu.

Ukiwakuta, usipande chipukizi kutoka shina hilohilo kwingine bila kulisafisha. Chagua chipukizi changa lenye majani membamba kama upanga, limenye mizizi yote na ngozi ya nje ya tunguu, yaani lile bonge la chini, mpaka libaki jeupe, tupa lenye mifereji, kisha lizamishe tunguu kwenye maji yanayochemka kwa sekunde 30 na kulitoa. Hesabu kwa saa, si kwa kukisia. Joto la muda huo mfupi linaua minyoo na mayai ya fukusi yaliyo karibu na ngozi bila kuua mche. Panda mahali papya ikiwezekana, kwenye shimo lenye samadi iliyooza. Njia safi zaidi ni kununua miche ya chupa, ile inayozalishwa maabara. Visiki vilivyoanguka vikatekate uvikaushe juani, maana fukusi hutaga humo.

Migomba iliyosimama yenye mikungu iegemeze leo. Chukua miti miwili au mianzi, ifunge karibu na ncha ikae kama mkasi, uipachike chini kidogo ya pale mkungu unapotokea, upande ule mgomba unakoegemea. Weka gunia au jani kavu pale inapogusa ili isikwaruze. Katika kila shina bakiza mama, mtoto na mjukuu tu, yaani mgomba mkubwa, chipukizi moja linaloufuata na jingine dogo. Shina lenye machipukizi kumi linakuwa zito, limejaa upande mmoja, na kila mmoja dhaifu.

Mivinje. Rafiki aliyekwambia yuko karibu na ukweli, ila si kwa uwanja wako. Mvinje ni mti wa ajabu kwa upepo wa bahari: unavumilia chumvi, unavuja hewa kwa kiasi kile kile tunachokitaka, na kwenye mizizi yake wanaishi vijidudu vinavyoupatia naitrojeni, ndiyo maana unakua mchangani. Huko Bamburi, Mombasa, ndio ulioanza kuyafunika kwa kijani machimbo ya saruji yaliyokuwa mwamba mtupu, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Lakini unaweza kufika mita ishirini na zaidi, mizizi yake itakunywa maji ya bustani yako, na kadiri unavyozeeka matawi ya chini hupungua ukabaki uwazi unaopitisha upepo kwa kasi chini kabisa, palepale penye mchicha. Ni mti wa shamba la ekari kadhaa au wa ufukweni, wenye safu ya vichaka chini yake. Ndani ya kiwanja, karibu na paa na nyaya za umeme, hapana.

Wewe panda mbaazi. Nasema kwa moyo mkunjufu kabisa. Chagua zile ndefu za muda mrefu, uzipande mvua za vuli zinapoanza, safu mbili zilizopishana, nafasi ya hatua moja. Kusi ikifika zitakuwa zimekupita kimo, mizizi yao imezama, zinavuja hewa vizuri, na una mboga. Zipitishe katikati ya uwanja, sambamba na ukuta, ili zikate kile kisulisuli. Kama unataka ya kudumu zaidi, chomeka vijiti vya glirisidia katikati yao na uvipogoe kila mwaka. Majani yake ni matandazo mazuri. Mabingobingo hukua haraka kuliko vyote lakini yana kiu na huvamia. Mnyaa, ule wa ua wenye utomvu mweupe, nauogopa penye watoto, maana utomvu wake ukiingia jichoni unaweza kudhuru vibaya. Ikitokea, osha kwa maji mengi safi na uende hospitali palepale.

Kingo za mipapai kuungua zinaweza kuwa na sababu mbili na dawa zake hazifanani. Chumvi inayoletwa na upepo huunguza zaidi majani ya upande wa baharini. Dawa yake ni kuyamwagia maji baridi yasiyo na chumvi asubuhi baada ya usiku wa upepo. Lakini kama majani yameungua pande zote, yakianzia yale ya zamani ya chini, nashuku maji ya kisima. Visima vingi vya ukanda huo vina chumvi. Onja, na ikiwezekana peleka chupa ikapimwe. Zaidi ya hapo, upepo wenyewe hukausha. Mmea unaopulizwa kutwa hufunga vitundu vya majani ili usipoteze maji, na ukivifunga unaacha kujitengenezea chakula. Kwa hiyo miezi ya kusi mwagilia mapema asubuhi, na ufunike udongo kwa nyasi au makuti makavu, unene wa kiganja, bila kugusa shina la mpapai.

Haya yote ni kwa kusi ya kawaida. Kimbunga ni jambo jingine. Kile cha Aprili 1872 kiliangusha sehemu kubwa ya mikarafuu ya Unguja, na Pemba, iliyonusurika kwa kiasi, ndiyo ikashika usukani wa karafuu toka hapo. Mei 2024 tulikuwa tunamsikiliza mtangazaji kila saa Hidaya ikikaribia Mafia. Mamlaka ya Hali ya Hewa ikitoa tahadhari ya namna hiyo, vuna kilichokomaa, shusha neti zote, na uingie ndani. Usitoke kwenda kuegemeza mgomba.

Kuna mawili ambayo siwezi kuyamaliza kwa maandishi. Ukuta, kama nilivyosema, unahitaji jicho la fundi. Na ukikuta mizizi nyekundu au mifereji kwenye visiki, mwite afisa ugani wa kata yako aje aone shina zilizobaki kabla hujachimba lolote. Akihitaji uhakika zaidi, kituo cha utafiti wa kilimo cha TARI kipo Mikocheni, upande wa pili wa maji tu, na nenda na kipande cha kisiki na mizizi kwenye mfuko wa karatasi, usiwe wa plastiki, visije vikaoza njiani. Ukishapasua hiyo mizizi niandikie uniambie ndani ina rangi gani.